Mafuta Katika Mapafu ya Mutie

Alhamisi tarehe kumi na nne Agosti, saa tano na dakika kumi asubuhi, Opicho wa maabara aliinua kichupa cha kioo akakielekeza dirishani. Maji yaliyokuwa ndani yake yalikuwa yametolewa nusu saa iliyopita katika mapafu ya mtoto wa miezi kumi na minne. Kwa kawaida maji hayo huwa na ukungu tu, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa. Haya yalikuwa na utando juu, mwembamba, unaong'aa, kama mchuzi wa mifupa ulioachwa ukapoa.

"Ndanu," aliita bila kugeuka. "Weka hiyo mopu chini, uje."

Ndanu aliiegemeza mopu ukutani, akapangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa mfagiaji wa hospitali ile ya watoto kwa mwaka wa saba. Masomo yake yaliishia darasa la nane, lakini watu wa maabara walimheshimu kwa subira yake na macho yake: akipita mahali mara moja, kesho yake atajua ni kiti gani kimesogezwa. Leo hakuwa mfagiaji tu. Mtoto mwenye mapafu hayo, Mutie, alikuwa wa Musyoka, mdogo wake wa pekee, na hii ilikuwa nimonia yake ya tano tangu Machi.

Opicho alidondosha maji kidogo kwenye kigae cha kioo, akatia rangi, akasubiri, akakiweka chini ya hadubini. Ndanu akachungulia. Aliona viduara vingi vimejaa matone mekundu, vingine vimefura kana kwamba vitapasuka.

"Hizo ni seli za kusafisha mapafu," Opicho alisema. "Wafagiaji kama wewe, ila hawana mopu. Uchafu ukiingia wanaumeza. Na hii rangi inashika mafuta peke yake. Huo wekundu wote ndio walichomeza."

"Wangapi?"

"Nimehesabu mia. Themanini na sita wamejaa."

Aliongeza kwamba mtoto yeyote mwenye kikohozi cha muda mrefu anaweza kuwa na wachache wa namna hiyo, lakini mafuta yanayoelea juu ya kichupa hajawahi kuyaona tangu aanze kazi.

Saa saba mchana Daktari Nzivo alimwita ofisini Khalayi, mama Mutie, na Ndanu akaruhusiwa kuingia kama shangazi wa mtoto. Khalayi alikuwa bado amevaa dasti koti ya kiwanda; alitoka kazini Industrial Area mbio bila kuaga. Daktari alikuwa mtu wa kupima maneno. Alisema seli zile zinatoa ushahidi wa kilichoingia. Hazisemi kimepitia wapi, wala ni mkono wa nani. Ndiyo maana alikuwa amepima mambo mengine mawili. Alitafuta katika maji yale dalili ya asidi na vimeng'enya vya tumboni, hakuipata. Basi chakula hakikuwa kikipanda kutoka tumboni na kumwagikia mapafuni. Na Jumatano walikuwa wamempiga picha mtoto akimeza maziwa. Alimeza sawasawa.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Maziwa au uji ukikosea njia, mtoto hupaliwa. Atakohoa mpaka jirani asikie. Mafuta ni mjanja. Koo halishtuki. Yanateremka kimya mpaka chini. Mama, mtoto huyu anatiwa mafuta, puani au mdomoni. Nani anamtia?"

Khalayi alisema hajui. Daktari akamtazama, si kwa ubaya, akasema mapafu ya Mutie hayataweza kustahimili mara ya sita, na kwamba mtoto hatatoka wodini mpaka jibu lipatikane.

Saa kumi na moja jioni habari ilikuwa imefika kijijini kwao, Kathiani. Mzee Mativo, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, alimpigia Ndanu simu. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Alisema alionya tangu mwanzo. Alisema watu wa upande wa yule mwanamke wanajulikana kwa kushindilia watoto uji kwa kiganja, na sasa wamehamia kwenye mafuta. Jumamosi angekuja Nairobi, nyumbani kwa Musyoka mtaa wa Jericho. Mtoto akitoka hospitali ataenda Kathiani kulelewa na watu wake, na mama yake arudi kwao Bungoma akipenda.

"Na Musyoka amesema nini?" Ndanu aliuliza.

"Musyoka amenyamaza," Mzee Mativo akajibu. "Akinyamaza amekubali."

Ndanu alimkuta Khalayi kwenye benchi la nje ya wodi, kiatu kimoja kimemtoka na hajui. Akaketi kando yake. Alikuwa amemjua miaka mitatu, na hakuwahi kumwona akilia. Hata sasa hakuwa analia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli mtu anaweza kunyang'anywa mtoto kwa simu.

"Wifi, nikuulize, na usinifiche," Ndanu alisema. "Ulimshindilia uji?"

"Mara mbili. Akiwa miezi mitano. Mama yangu alitulea hivyo sote tisa. Unakunja kiganja, unamziba pua kidogo, anameza." Khalayi aliangalia viganja vyake. "Alipaliwa mpaka jirani, mama Obonyo, akaja kugonga mlango. Nesi wa kliniki akanichapa maneno mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kijiko. Muulize mama Obonyo."

"Na mafuta?"

"Ya kupaka ngozi. Ya kupikia. Puani mwa mtoto nitie mafuta kwani yeye ni baiskeli?"

Ndanu alicheka bila kutaka, na Khalayi naye akacheka kidogo, kisha uso wake ukarudi ulipokuwa. Alisema amempigia Musyoka mchana, akiwa na lori Voi. Musyoka hakupaza sauti, hakulaumu. Aliuliza tu kama mashine ya hospitali inaweza kujua ni mafuta ya nini.

Ndanu aliliweka neno hilo moyoni bila kulipa kazi yoyote.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya zamu yake, alitoka chumba alichopanga Majengo akaelekea Jericho. Kila alipoingia mtaa ule alijikuta akipunguza mwendo. Uzio wa miiba ya kayaba ulikuwa umekatwa hapa na pale, watu wakajenga vibanda vya chipsi na vya kunyoa, lakini nyumba za kaunsili ya jiji zilikuwa zile zile, na bomba la pamoja lilikuwa pale pale, limezungukwa na saruji iliyolainika kwa nyayo. Kwenye saruji ile mama yake alikuwa akimsimamisha Ndanu Jumamosi, anamsugua magoti kwa jiwe, na redio ya jirani inasoma salamu za wagonjwa. Mama alifariki Ndanu akiwa na miaka kumi na Musyoka sita. Baba, karani wa City Council, aliishi muda wa kutosha kuwaachia nyumba, basi. Musyoka akaoa ndani yake. Ndanu, aliyemlea, ndiye aliyeondoka, na hakuwahi kuiona hiyo kuwa ajabu isipokuwa asubuhi za baridi kama ile.

Millicent, ambaye mtaani wote walimwita mama Obonyo, alikuwa mlangoni kwake akigeuza maandazi kwenye karai. Yeye ndiye aliyekaa na Mutie Jumatatu mpaka Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Khalayi akiwa kazini. Alimwona Ndanu, akaliangalia karai, kisha akamwangalia Ndanu tena.

"Najua umekuja kufanya nini," alisema. "Mtaa mzima unasema mafuta, na mimi ndiye mwenye karai. Haya, nifunge pingu, lakini nimalizie hii kilo mbili."

Ndanu aliketi kwenye kindoo kilichopinduliwa, akakubali andazi, akauliza mambo yake taratibu, moja baada ya jingine. Mama Obonyo aliapa kwamba Mutie hakuwahi kusogezwa karibu na karai. Maandazi alipewa? Kipande, kimelowekwa kwenye chai, akiwa ameketi. Chupa ya maziwa? Hapo mama Obonyo alichelewa kidogo, akageuza maandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Nimemwekea chupa juu ya mto, amelala chali," alikiri. "Mara tatu, nne. Wateja wakiwa wengi. Sitakudanganya, mimi si malaika."

"Akapaliwa?"

"Hata siku moja. Huyo mtoto anakunywa kama mzee wa baraza. Mimi nilikuwa namshangaa: hapaliwi, lakini kifua hakiishi kukoroma. Na ukitaka kujua, mimi ndiye nilimwambia mama yake ampeleke hospitali. Kila Jumatatu naletewa mtoto amechoka. Mpaka Alhamisi anakuwa sawa. Jumatatu tena."

"Kila Jumatatu?"

"Mimi sikusoma sana, dada, lakini Jumatatu naijua."

Ndanu alivuka ua hadi nyumba ya ndugu yake na kufungua kwa ufunguo aliopewa na Khalayi. Alichukua kitabu cha kliniki na kadi za hospitali kwenye droo, akazipanga kwenye meza ya sebule kama mtu anayepanga karata. Jumanne tarehe kumi na moja Machi. Jumatatu tarehe saba Aprili. Jumatatu tarehe kumi na mbili Mei. Jumanne tarehe kumi na tano Julai. Jumatatu tarehe kumi na moja Agosti, yaani wiki hii. Mara tano, na zote mwanzo wa wiki. Mama Obonyo alisema kweli.

Basi mama Obonyo alitoka katika lawama. Siku zake za kukaa na mtoto ndizo siku mtoto alizopata nafuu. Kilichomdhuru kilitokea Jumamosi na Jumapili, na Jumamosi na Jumapili mtoto alikuwa na Khalayi.

Ndanu hakulipenda jambo hilo. Alifikiria viganja vya wifi yake juu ya benchi. Akafikiria pia jinsi Mzee Mativo angefurahi.

Halafu akaona lililokosekana. Machi, Aprili, Mei, Julai, Agosti. Juni haikuwepo. Alirudi kwenye kitabu cha kliniki. Tarehe ishirini na tano Juni mtoto alipimwa uzito: alikuwa ameongezeka, na nesi aliandika kwa kalamu nyekundu, kifua safi. Mwezi mzima Khalayi alikuwa hapa, na Mutie alikuwa mzima. Mama Obonyo alikuwa hapa, na Mutie alikuwa mzima.

Ndanu alimpigia Khalayi simu wodini. Aliuliza Juni kulitokea nini nyumbani. Khalayi alifikiri, akasema hakuna. Labda lile lori la Musyoka lililokufa injini Mtito Andei. Alikaa huko wiki tano akilinda mzigo, hakurudi nyumbani hata mara moja.

Musyoka alikuwa akirudi kila Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni. Ndanu aliuliza, sauti yake ikiwa ya kawaida, Jumamosi mchana ni nani hukaa na mtoto. Khalayi alisema babake. Yeye huenda mazoezi ya kwaya saa nane, anarudi saa kumi na moja. "Ni saa zao hizo," alisema. "Nikirudi nampata mtoto amelala, ametulia. Musyoka ana mkono mzuri wa kubembeleza."

Ndanu alifunga simu akaingia chumba cha kulala. Hakuwa akitafuta, alikuwa akiangalia tu, kama anavyoangalia korido kabla hajaifagia. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya vitamini ya mtoto, na kando yake kijiko. Chupa zile huuzwa na kimpira chake cha kudondoshea. Hakikuwepo. Kwenye kitanda cha Mutie kulikuwa na mto mdogo umefuliwa vizuri, ila ulikuwa na doa la manjano ambalo sabuni ilishindwa nalo, si katikati kichwa kinapolala, bali ukingoni, mahali ambapo kichwa kingening'inia kikiinamishwa nyuma.

Aliuchukua mto akaunusa.

Haikuwa harufu ya mafuta ya karai la mama Obonyo. Ilikuwa samli, na si samli ya dukani. Ilikuwa na moshi wa kuni ndani yake, na uchachu mdogo wa kibuyu, na kwa muda ambao Ndanu hakuweza kuupima alikuwa na miaka tisa katika chumba kile kile, kanga ya mama imetandazwa kitandani, kopo la kakao lenye samli limewekwa juu ya jiko lipate joto, na Musyoka anakoroma kifua kama paka. Hakuwa amenusa harufu ile kwa miaka ishirini na minne. Alikuwa amesahau kwamba ilikuwepo. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kuushikilia mto kifuani, na kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa raha.

Cha pili kilikuwa hesabu. Khalayi alikulia Bungoma. Harufu ile asingeijua. Mama Obonyo alihamia Jericho mama akiwa kaburini tayari. Katika dunia nzima walikuwa wamebaki watu wawili wanaojua kwamba katika chumba kile mtoto mwenye kifua hutibiwa kwa samli ya Kathiani. Mmoja alikuwa yeye.

Hakwenda kazini saa mbili. Alikwenda saa nne, akasingizia tumbo. Siku nzima aliburuta mopu akifikiria kwamba angeweza kunyamaza. Angemnong'oneza Musyoka aache, na Musyoka angeacha. Mtoto angepona. Ndugu yake asingeaibika. Lakini Mzee Mativo angefika Jumamosi, na Khalayi angebaki na jina la mwanamke aliyemdhuru mwanawe, bila mtoto, na hakuna ambaye angemrudishia lolote kati ya hayo mawili. Kabla ya kutoka jioni alimweleza Daktari Nzivo. Daktari alisema samli inalingana na yale matone makubwa. Akamuuliza kama angependa ofisi yake ndiyo izungumze na baba. Ndanu alisema yeye ndiye aliyemlea Musyoka, basi atamwuliza mwenyewe.

Jumamosi saa tisa kasoro robo alasiri walikuwa wanne sebuleni. Mzee Mativo alikalia kiti cha marehemu nduguye, koti halijafunguliwa kifungo hata kimoja, fimbo katikati ya magoti. Musyoka alikuwa amefika asubuhi, bado macho mekundu ya barabara. Khalayi alikuwa kwenye stuli karibu na jikoni, kama mgeni. Chai ilikuwa imemiminwa na hakuna aliyeigusa.

Mzee Mativo alianza. Alizungumza juu ya ukoo, juu ya damu, na juu ya watu wanaolisha watoto kama bata. Hakumtaja Khalayi kwa jina, alimwita "huyu" tu. Alipomaliza alimwuliza Musyoka kama ana neno. Musyoka aliangalia sakafu.

Ndanu akaweka mto mezani, kati ya vikombe.

"Baba mkubwa," alisema, "kabla hujaendelea, nusa hapo kwenye doa."

Mzee alishangaa, lakini aliuinua. Alinusa mara moja, kisha mara ya pili, na uso wake ukalegea.

"Hii ni samli yangu," alisema.

"Una hakika?"

"Nitaikosaje samli ya nyumbani kwangu? Mke wangu huipitisha kwenye moshi. Nilimpa huyu kijana kopo zima Februari, alipopita na lori. Alisema ni ya kupikia wali."

"Wifi," Ndanu alimgeukia Khalayi, "umewahi kupika na samli hiyo?"

Khalayi alisema hajawahi kuiona samli yoyote katika nyumba hii. Alisema polepole, na alikuwa akimtazama mumewe.

Ndanu aliwaeleza kama alivyolikusanya. Zile tarehe tano, zote mara tu baada ya Jumamosi na Jumapili. Mwezi wa Juni, lori likiwa Mtito Andei, na kifua cha mtoto kikiwa safi. Saa nane mpaka saa kumi na moja, mama akiwa kwaya. Chupa isiyo na kimpira. Doa mahali kichwa kinapoinamishwa. Na kwamba mtoto hakuwahi kupaliwa, kwa sababu mafuta hayamshtui mtu. Hakupaza sauti mahali popote. Kisha akasema, "Musyoka, leta mfuko wako wa safari tutafute hicho kimpira, ama nikuachie utuambie mwenyewe."

Musyoka hakuinuka. Alitia mkono kwenye mfuko wa jaketi akatoa kimpira kidogo, ncha yake imeganda njano, akakiweka kando ya mto.

"Kiko hapa," alisema. "Nilikuwa nataka kukitupa njiani. Kila mahali nilisimamisha gari, nikashindwa."

Nje, mtu alikuwa akipigia mwenzake mluzi karibu na bomba.

"Ulijua tangu Alhamisi," Khalayi alisema. "Nilipokupigia Voi. Uliniuliza kama mashine inajua ni mafuta ya nini."

"Nilijua."

"Na huyu mzee akaniita kila jina, wewe ukimsikia kwenye simu."

"Nilijua, Khalayi."

"Basi niambie kwa nini. Usimwambie dada yako. Niambie mimi."

Musyoka alisema mara ya kwanza ilikuwa Machi, mtoto alikuwa na kikohozi kidogo tu cha baridi. Aliachwa naye, akamsikia akikoroma, na chumba kile kikamrudisha. Alikumbuka akiwa na miaka minne, kifua kimebana, mama anamwinamisha kichwa nyuma, joto linashuka puani mpaka ndani kabisa, kisha usingizi. "Sijawahi kulala vile tena," alisema. "Hata leo." Alipomtia Mutie, Mutie alilala. Wiki iliyofuata kikohozi kikazidi, naye akaona dozi ilikuwa ndogo. Kila kifua kilipozidi aliongeza. Alimficha Khalayi kwa sababu Khalayi ni mtu wa hospitali, angekataa.

"Hiyo ni ya Machi," Khalayi alisema. "Nimekuuliza ya Alhamisi."

Musyoka alifunika uso kwa mikono, akazungumza kutoka ndani ya viganja.

"Nikikubali kwamba ni samli, basi mama alikuwa ananiua. Nilimaliza barabara yote kutoka Voi nikilifikiria hilo. Sina kitu kingine cha mama. Sina picha, sina sauti yake. Nina hicho tu. Nikaona, acha iwe uji. Acha iwe wewe, kwa siku mbili, mpaka nijue la kufanya."

Ndanu aliuhisi moyo wake ukimwendea kama zamani, Musyoka alipokuwa akianguka kwenye kayaba na kurudi na miiba, na ilimbidi auzuie mkono wake usimguse.

"Mama hakukutia puani," alisema.

Musyoka aliondoa mikono usoni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kopo. Nilisimama hapo, karibu na dirisha. Alikuwa akichovya vidole, anakupaka kifua, anakupaka nyayo, anakuvalisha soksi. Puani alikupitishia kidole hapa, chini, kwa nje, upate harufu. Tone halikuingia. Alikuwa akiniambia nimshikie mwanga ili asikosee, maana mtoto wa jirani alitiwa puani akafa."

"Kichwa aliniinamisha."

"Ulikiinamisha mwenyewe. Ulikuwa unataka kumwona usoni."

"Na lile joto?"

"Alikuwa akikupulizia," Ndanu alisema. "Ulikuwa na miaka minne, Musyoka. Ulikuwa umelala nusu."

Hapo ndipo Musyoka alipolia, vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Khalayi hakumwendea. Aliinuka, akavaa sweta, akatia chupa ya uji na kijiko kwenye kikapu.

Mzee Mativo naye aliinuka. Alisimama mbele ya Khalayi akiizungusha fimbo, na ilionekana wazi kwamba katika maisha yake marefu hakuwa amefanya jambo hilo mara nyingi. Akamwita mama Mutie. Alisema samli ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wake, na safari ya kuja kumchukua mtoto ilikuwa yake. Alisema anarudi Kathiani jinsi alivyokuja, na kwamba yeyote atakayeuliza atamweleza ilivyokuwa, kwa mdomo ule ule.

"Ukamweleze na mkeo kwanza," Khalayi alisema. "Yeye ndiye aliyenipigia asubuhi kuniambia nimfungie mtoto nguo."

"Nitamweleza."

"Na baba Mutie asinifuate leo. Mutie atamwona nikiwa tayari mimi. Nikiwa tayari nitasema." Alifungua mlango. Kwenye ngazi alisimama, akamgeukia Ndanu. "Wifi, asante. Daktari anatungoja saa kumi na moja. Unakuja?"

Ndanu alisema yuko nyuma yake. Walimsikia akivuka ua, mama Obonyo akimwuliza jambo, naye akimjibu kwa sauti ya juu na wazi, na mama Obonyo akigonga mwiko kwenye karai.

Mzee Mativo alipoondoka, Ndanu alitoka kumfuata wifi yake, akamkuta Musyoka ameketi kwenye kizingiti. Hangeweza kupita bila kumvuka. Akaketi. Jua lilikuwa limeanza kuinamia paa za kaunsili na watoto wa mtaa walikuwa wakigombania mpira wa karatasi kwenye vumbi.

"Atanirudia?" Musyoka aliuliza.

"Sijui. Hilo ni la kwake."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Kuhusu mama. Ni nini kingine nimekosea?"

Ndanu alijua kulikuwa na mengi.

"Uliza unachokumbuka," alisema, "nami nitakwambia."

"Alikuwa akiimba akifua."

"Hiyo ni kweli."

"Alikuwa na kanga ya kijani."

"Ya bluu. Ya kijani ilikuwa ya mama Patrobas, yule jirani."

Musyoka alilifikiria hilo, akalipokea. Alichora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Alikuwa mrefu," alisema. "Mrefu sana, mpaka ilibidi ainame mlangoni."

Ndanu, aliyekuwa na miaka kumi alipomvalisha mama yake mara ya mwisho, akaona nguo ile ingemtosha yeye mwenyewe baada ya miaka miwili, aliutazama mlango mfupi wa kaunsili nyuma yao.

"Kwako wewe," alisema, "alikuwa mrefu sana."

Akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda hospitali.